Dogo ana kovu kifuani: acheze au akae jukwaani?

KOCHA mmoja wa timu ya vijana alinisimulia habari za winga wake wa kushoto. Dogo ana kasi, ana krosi, lakini kila siku anavaa fulana ndani ya jezi, hata jua la saa tisa likiwaka. Siku mvua ilipowanyeshea na wote wakabadilisha nguo, kocha akaona kovu refu katikati ya kifua. Akamsimamisha palepale. Mama wa kijana akaja kueleza kwamba mwanawe alizaliwa na tundu kwenye moyo, likazibwa akiwa na miaka minne, na sasa ni mzima. Kocha akajibu kuwa yeye hataki kesi.

Simlaumu sana. Shabiki yeyote wa rika langu anakumbuka Juni 26, 2003, Marc-Vivien Foé alipoanguka peke yake katikati ya uwanja pale Lyon, Cameroon ikicheza na Colombia nusu fainali ya Kombe la Mabara. Alikuwa na miaka 28 tu. Wadogo zetu wao wana picha ya Christian Eriksen pale Copenhagen, Juni 2021. Ukiwa na picha hizo kichwani, kovu la kifuani lazima likutishe.

Lakini hebu tufikiri kidogo. Foé hakuwa na kovu. Uchunguzi wa baada ya kifo ndio ulionyesha kuwa misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kawaida. Huyu dogo wa kovu, tatizo lake linajulikana, lina jina, na lina faili hospitali. Ukiniuliza nani wa kuogopwa zaidi kati yake na wale wenzake ishirini ambao hakuna aliyewahi kuwapima, nitakwambia sijui, na kocha naye hajui.

Suala hili litakuja kwa wingi. Mtoto mmoja katika kila 100 hivi huzaliwa na hitilafu ya moyo. Zamani waliobahatika kwetu walipelekwa India. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ianze pale Muhimbili mwaka 2015, upasuaji wa watoto umekuwa ukifanyika hapahapa Dar es Salaam. Piga hesabu: aliyefanyiwa mwaka ule akiwa na miaka mitatu au minne, sasa amefika umri wa UMISSETA na majaribio ya timu za vijana. Ndio hao wanaovaa fulana ndani ya jezi.

Na wanaweza kucheza? Muulize Nwankwo Kanu. Agosti 1996 alikuwa nahodha wa Nigeria iliyoipiga Argentina 3-2 na kubeba dhahabu ya Olimpiki. Muda mfupi baadaye vipimo vya afya pale Inter Milan vikaonyesha valvu yake ya aorta ina kasoro. Novemba akafanyiwa upasuaji Marekani, watu wakamzika kisoka. Mwaka uliofuata akarudi uwanjani. Mashabiki wa Chelsea wanajua kilichotokea Oktoba 1999: wanaongoza 2-0, Kanu akafunga tatu peke yake. Na bao pekee la fainali ya FA 2008, lililoipa Portsmouth kombe, ni lake. Nje ya soka yupo Shaun White wa Marekani, aliyezaliwa na hitilafu iitwayo tetralojia ya Fallot na kupasuliwa moyo akiwa mchanga. Ana dhahabu tatu za Olimpiki za kuteleza kwenye theluji.

Sasa hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea upande wa pili. Wanasikia Kanu, wanasema basi, twende. Hapana. Moyo uliotengenezwa unahitaji kupimwa ukiwa kazini, maana moyo uliopumzika unaweza kukudanganya, kama mchezaji anayeng'ara mazoezini na kupotea kwenye dabi.

Uzuri ni kwamba vipimo hivi havihitaji kisu. Kuna ECG, inayosoma umeme wa moyo. Kuna eko, ambayo kwa mawimbi ya sauti inamwonyesha daktari kuta, valvu na jinsi damu inavyosukumwa. Kuna kifaa kidogo anachovaa siku nzima na usiku, kunasa mapigo yanayoruka. MRI inapima ukubwa wa vyumba vya moyo, na kwa waliotengenezwa tetralojia ni muhimu sana, kwa sababu valvu ya kuelekea mapafu huweza kuvuja kwa miaka bila kijana kulalamika, huku chumba cha kulia kikitanuka.

Halafu kuna mfalme wao: kukimbia kwenye mashine. Kijana anavalishwa barakoa ya kupima hewa anayovuta na kutoa, nyaya kifuani, presha mkononi, na mashine inaongezwa kasi hadi aseme basi. Hapo ndipo unaona kama mapigo yanapanda inavyotakiwa, kama oksijeni ya damu inashuka, kama moyo unaanza kupiga ovyo. Wale wanaodhani mbio za mita 20 za kwenda na kurudi kwa mlio, zinazosimamiwa na kocha wa viungo, zinatosha, wasahau. Zile zinakwambia dogo amechoka, hazikwambii kwa nini.

Tena vijana wengi wa aina hii wanaonekana pumzi fupi kwa sababu tu nyumbani walikatazwa kukimbia. Hiyo inatibika kwa mazoezi. Ila huwezi kuitofautisha na moyo unaolegea kwa macho.

Aliyezibwa tundu dogo na vipimo vyake vyote ni safi, mara nyingi huruhusiwa kucheza bila kizuizi. Mwenye valvu ya chuma anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda ni habari nyingine, hata moyo ukiwa imara. Kugongana vichwa kwenye kona moja tu kunaweza kumvujisha damu kichwani. Wengine watapewa ruhusa yenye mipaka. Anayeamua hayo ni daktari wa moyo, si kocha, si mama, wala si mimi.

Ninachodai kwa waandaaji wa ligi za vijana ni kitu kidogo. Fomu ya usajili iwe na swali moja: umewahi kufanyiwa upasuaji wa moyo? Akijibu ndiyo, asifutwe jina, apelekwe kupimwa na arudi na barua, na ajue kuwa barua hiyo ina muda wake. Kanu mwenyewe alirudi kufanyiwa upasuaji wa moyo mwaka 2014, akiwa ameshastaafu soka.

Yule winga, mara ya mwisho nilipouliza, alikuwa anaokota mipira nyuma ya goli. Hajapimwa bado.