Kiuno Kabla ya Mashuti

Jioni kwenye viwanja vya Nyegezi, kando ya ziwa, mazoezi ya vijana mara nyingi ni mizunguko miwili mitatu ya kukimbia, kunyoosha miguu juujuu, kisha mashuti mpaka giza. Misuli ya kiuno, yaani ya tumbo, mgongo na nyonga, haina mwenyewe, ingawa ndiyo inayoshikilia kiwiliwili mchezaji anapogeuka ghafla au kugombea mpira bega kwa bega. Ushahidi hatuhitaji kuufuata Ulaya. Programu ya kupasha mwili joto ya FIFA 11+, yenye zoezi la kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, ilijaribiwa Lagos kwa wavulana wa miaka 14 hadi 19. Majeraha yakapungua kwa takriban asilimia 40. Kweli, ndani yake mna kukimbia na kuruka pia, kwa hiyo sifa zote si za kiuno.

Wapo watakaosema mtoto wa ziwani, anayevuta nyavu na kubeba ndoo, nguvu anazo tayari. Anazo, ila ndoo haimfundishi kutua kwa mguu mmoja bila goti kuingia ndani. Na ile hofu kwamba mazoezi ya nguvu hudumaza watoto haina msingi yakisimamiwa vizuri. Katika programu hii mzigo ni mwili wenyewe, jimu haihitajiki. Kocha anayeona dakika zake 20 ni nyingi ahesabu wiki ambazo mshambuliaji wake hukaa nje kwa goti. Walimu wa michezo waanze sasa, mara mbili au tatu kwa wiki, wasingoje UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ibishe hodi.