Petroli Itoke Vyumbani

Katika miji ya Busia na Malaba, ambako malori ya mafuta yaendayo Uganda hupanga foleni ndefu yakisubiri kuvuka mpaka, petroli imegeuka kuwa bidhaa ya nyumbani: hununuliwa kwa jerikani, huvushwa kwa bodaboda au baiskeli kuelekea upande wenye bei nzuri, na kabla ya kuuzwa hulazwa ndani, mara nyingi katika chumba kimoja na jiko, koroboi na watoto. Sababu zinajulikana: ajira ni haba, bei za nchi mbili hazilingani, na mpaka una vichochoro vingi kuliko walinzi.

Kisichosameheka ni kwamba onyo limekwisha kutolewa zaidi ya mara moja. Moto wa petroli huko Sachangwan uliua zaidi ya watu 100 mwaka 2009, ule wa mtaa wa Sinai jijini Nairobi ukafuata mwaka 2011, na mwezi Julai 2021 watu wasiopungua 13 waliteketea Malanga, Kaunti ya Siaya, kwenye barabara ile ile ya Kisumu inayoishia Busia, walipokuwa wakichota petroli ya lori lililopinduka. Hata baada ya hayo, lori likianguka jerikani hukimbizwa, wakati mwingine na watoto waliotumwa na wazazi wao wenyewe.

Mvuke wa petroli, yaani hewa isiyoonekana inayotoka katika mafuta hayo bila hata kupashwa moto, ni mzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutambaa sakafuni na kupita chini ya mlango hadi ulipo moto. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yafikie takriban nyuzi 38 za selsiasi au zaidi, ilhali petroli huutoa hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndiyo maana jerikani ya petroli isiyokaushwa, ikitiwa mafuta ya taa, yaweza kuligeuza jiko la utambi kuwa bomu, na anayelipukiwa ni mpishi ambaye huenda hajawahi kuuza hata lita moja.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti huduma za zimamoto, na Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inataka leseni kwa biashara ya mafuta. Lakini afisa anayegeuza uso jerikani zikipita, mwenye ploti anayepokea kodi huku akiinusa petroli mlangoni, na jirani anayenyamaza kwa sababu naye hununua, wote wana sehemu katika hatia ya petroli kulala vyumbani. Serikali za nchi mbili nazo hazina budi kukaa pamoja juu ya jambo hili. Hata hivyo, chumba cha mabati hakiwezi kusubiri vikao, wala gari la zimamoto, hata likiwa karibu, haliwahi moto wa petroli.

Kwa hiyo kila baraza la chifu na kila kikundi cha majirani cha Nyumba Kumi kiazimie kwamba petroli hailali penye watu. Watoto wafundishwe shuleni na kanisani, kwa Kiteso, Kikhayo na Kisamia pia, kukataa kutumwa mafuta. Kutambaa chini ya moshi. Kulala na kujibiringisha nguo zikishika moto. Kutomwagia petroli inayowaka maji, kwa kuwa huelea juu yake na kusambaa. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali, asipakwe dawa ya meno wala yai. Zaidi ya yote, ikome desturi ya kuwafungia watoto kwa kufuli ya nje mzazi anapokwenda sokoni, kwani mafunzo yote hayo hayana faida kwa mtoto asiyeweza kufungua mlango. Mzazi asiye na wa kumwachia mtoto amwombe jirani, na jirani asikatae; naye mwenye jerikani chumbani aitoe leo, kabla chakula cha jioni hakijainjikwa.