Maabara Zifike Hadi Vyuo Vidogo
Mwaka 1993 Bunge la Marekani lilianzisha mpango wa IDeA kwa sababu fedha za utafiti wa tiba kutoka Taasisi za Taifa za Afya zilikuwa zikimiminika kwenye majimbo machache, kama Massachusetts na California, huku Montana na Mississippi zikiambulia kidogo. Leo unahudumia majimbo 23 na Puerto Rico. Ninachokithamini zaidi ni tawi lake la INBRE, linalounganisha vyuo vikuu vya utafiti na vyuo vidogo vya jimbo zima. Huko Montana, tawi hilo linavifikia hata vyuo vya makabila ya wenyeji wa asili. Humo mwanafunzi wa shahada ya kwanza hulipwa posho ya kiangazi akijifunza kushika pipeti, kujaza daftari la maabara na kutetea matokeo yake mbele ya maprofesa. Posho hiyo ni jambo kubwa, kwani bila hiyo mtoto wa familia maskini angekwenda kutafuta kibarua. Wanaotaka fedha zote ziende kwa waliobobea tayari wanasahau kwamba hata hao walilelewa na mtu. Kisukari kinawaelemea mno wenyeji hao wa asili, nami naamini kitachunguzwa vyema zaidi na watafiti waliokulia miongoni mwao, mradi ruzuku zisikatwe kila bajeti inapobana.