Kazi ya kwanza ya kompyuta: kujitolea hadi lini?



Katika maswali yanayoletwa baada ya darsa miaka hii, liko moja linalorudi Unguja na Pemba kwa sura tafauti. Mzazi amesomesha mtoto fani ya kompyuta. Mtoto amemaliza SUZA, au Chuo Kikuu cha Zanzibar pale Tunguu, au Taasisi ya Karume Mbweni. Cheti anacho, lakini kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Mwisho anapokewa mahali "ajitolee kwanza", na huko kujitolea kunakwenda mwaka mzima, nauli ya daladala na bando la intaneti vikitoka mfukoni mwa baba au kwenye biashara ya maandazi ya mama. Wazee wanauliza: hii ni kazi au ni kitu gani? Na kijana ana haki yoyote mbele ya sheria ya dini?

Kabla ya jawabu tuitazame hali yenyewe, maana wako wazee wanaodhani kijana wao ni mvivu tu, na maneno ya namna hiyo yanaumiza nyumba.

Mlango umebana kweli. Novemba 2022 kampuni ya Meta, wenye Facebook na WhatsApp, ilitangaza kupunguza wafanyakazi 11,000. Januari 2023 Google nao wakatangaza 12,000. Mtu wa Wete atasema, hayo ni ya Marekani, yananihusu nini? Yanamhusu kwa sababu kazi za kompyuta zinazofanywa kwa mtandao hazina mipaka. Kijana aliyekaa Mtoni akiomba kazi ya kutengeneza tovuti, anaiomba pamoja na mtu wa Lahore au Nairobi mwenye uzoefu wa miaka kumi, ambaye naye ameachishwa na yuko tayari kupokea kidogo. Na Novemba hiyo hiyo ya 2022 ikatoka ChatGPT. Zile kazi ndogondogo alizokuwa akipewa mwanagenzi, kuandika kipande chepesi cha programu, kuingiza data, kutafuta kosa, sasa mtu aliyekwisha kuiva anazimaliza yeye na mashine kwa muda mfupi. Kazi hizo hazikuwa na fedha nyingi, lakini ndizo zilizokuwa chuo cha anayeanza.

Hapa kwetu, mwaka 2022 Serikali ilizindua mpango wa Silicon Zanzibar ili kuvutia kampuni za teknolojia, na macho ya watu yakaelekea Fumba. Mimi naona ni jambo jema. Ila kampuni changa ikihamia mahali haiji kufundisha, inakuja na watu wake walioiva na inatafuta wengine wa kiwango hicho. Ajira za Serikalini nazo, kila nafasi ya kompyuta ikitangazwa inaombwa na watu wengi kupita kiasi. Kijana anayekaa akisubiri hizo mbili tu anaweza kukaa mpaka alichosoma kikachakaa, maana fani hii haisubiri.

Sasa niseme ninaloliona mimi. Kazi ya kompyuta visiwani ipo, tena nyingi, ila imekosa jina la ajira. Mwenye duka Darajani anatakiwa atoe risiti za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato na mfumo unamshinda. Hoteli ndogo ya Paje au Nungwi inapokea wageni kwa mtandao, na mtandao ukikatika usiku hakuna wa kumwita. Skuli binafsi zinahitaji kuingiza matokeo na ada. Mwenye ghala anataka kamera za ulinzi. Nani anayafanya haya? Mara nyingi ni fundi anayevushwa kutoka Dar es Salaam na kulipwa vizuri, au kijana wetu "anayejitolea" na halipwi kitu. Mwenye mali ni yule yule, fedha ni zile zile. Tumezoea kwamba cha mwenetu ni cha bure.

Na ukweli usemwe hata ukiwa mchungu: katika wanaofanya hivi zimo skuli zetu za Kiislamu, jumuiya zetu na madrasa zetu. Kijana anaambiwa ni kwa ajili ya Allah, halafu anawekewa saa ya kuripoti na akichelewa anagombezwa.

Tuje kwenye fiqhi. Kujitolea ni jambo la kheri, na sharti lake ni kwamba mtu atoe kwa ridhaa yake na awe huru kuacha. Akishapangiwa saa, akapewa majukumu na akaahidiwa kwamba "nafasi ikitoka utakumbukwa", hapo tumeshatoka kwenye sadaka na tumeingia kwenye mlango wa ijara. Ijara kwa wanazuoni wetu wa Shafi ina masharti yanayojulikana na kila aliyesoma chuoni: manfaa yajulikane, ujira ujulikane, na kazi ipimwe ama kwa muda ama kwa kitu kitakachokamilishwa. Ahadi ya kukumbukwa si ujira. Haijulikani kiasi chake wala wakati wake. Na mwajiri akiitoa ilhali anajua hana nafasi wala hatakuwa nayo, huo ni udanganyifu, na kauli nzuri haiubadilishi. Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, ametuamrisha kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na katika Sahihi ya Bukhari imo hadithi ya watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake yote, kisha asimpe ujira.

Lakini wazee wasikilize na upande wa pili, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Imamu Nawawi katika Minhaj ameitaja mas-ala ya mtu anayempelekea fundi nguo amshonee, fundi akashona, na ujira haukutajwa. Kauli iliyotangulizwa katika madhehebu ni kwamba fundi huyo hana ujira. Ipo kauli nyengine kwamba anao, na ipo ya tatu kwamba akiwa anajulikana kwa kazi hiyo ya malipo basi anastahiki, na hii nayo imeonekana nzuri. Angalieni hapo kijana wetu yuko wapi: hajulikani na mtu kwa kazi hiyo, ndiyo kwanza anaanza. Kwa hiyo akiingia kimya na kufanya kimya, hata kwa kadhi anaweza kutoka mikono mitupu. Haya ya kuona aibu kutaja fedha, ambayo tunayaita adabu, yanamdhuru.

Basi itajwe kabla. Mzazi aende naye kama kijana anaona vigumu, kama tunavyokwenda kwenye posa. Iandikwe karatasi moja: kazi gani, siku ngapi kwa wiki, miezi mingapi, malipo kiasi gani. Kama ni mafunzo kweli, miezi mitatu inatosha, nauli na chakula vikiwa juu ya mwenye kazi, na mwisho wake atoe barua inayosema kijana alifanya nini hasa. Barua hiyo ndiyo uzoefu wanaoutaka kwenye matangazo. Kwa kazi za mara moja, kama kufunga mtandao wa hoteli, iko ju'ala: ukinikamilishia hiki nakupa kiasi hiki. Hiyo ni nyepesi na inawafaa sana wanaoanza.

Mabinti nao wasisahauliwe. Wapo wazee wanaomwambia binti afanye kazi za mtandaoni nyumbani kwa kuwa ni sitara. Ni sawa, lakini wajue kwamba wamempeleka kwenye ule ule ushindani wa dunia nzima. Kutunza mfumo wa skuli ya jirani kwa malipo yanayojulikana kutamkuza haraka zaidi.

Kuhusu kuandika kwenye CV miaka ya uzoefu ambayo haikuwepo, na kutoa "kitu kidogo" ili jina litokee kwenye orodha, hukumu yake mnaijua na sitairefusha.

Limebaki la aliyekwishafanya kazi miezi tisa bila ya karatasi. Asiondoke kwa hasira. Aandike alichokifanya kimoja kimoja, tarehe zikiwemo, ampelekee mwajiri kwa barua na aombe malipo, au mkataba wa kuanzia leo. Kwa mwajiri anayemcha Allah, kulipa ujira wa mfano wa kazi hiyo kunaiondoa dhima yake, bila ya kungoja ashitakiwe. Akikataa, Zanzibar ina Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na ofisi za kazi zipo Unguja na Pemba. Kwenda huko kudai haki si utovu wa adabu wala si kukosa subira.

Wallaahu a'lam.