Kuzima na Kuwasha Ruta Si Ufundi

Intaneti inapokatika nyumbani au dukani, amri hutoka hata kabla chanzo hakijaulizwa: zima ruta, washa. Isiporudi, ruta huzimwa tena. Ikigoma mara ya tatu, hutafutwa pini ya kutolea laini, na kitundu cha riseti kikachokonolewa. Nyuma ya mazoea haya kuna imani moja: kwamba ruta ndiyo mtandao, hivyo mtandao ukifa, aliyekufa ni ruta. Imani hiyo si ya kweli, na wanaoishikilia wanailipia kwa muda, kwa usumbufu na kwa fedha za fundi.

Ruta ni kiungo kimoja katika mnyororo mrefu. Steshenari moja ya kata ya Mwamanyili, wilayani Busega, mkoani Simiyu, inatosha kuonyesha urefu wake. Kompyuta ambayo kijana anajazia maombi ya mkopo wa chuo inazungumza na ruta kwa waifai. Ruta ya laini inazungumza na mnara. Mnara nao hupeleka mawasiliano kwa mawimbi ya redio hadi mnara mwingine, au kwa faiba, mpaka yafike kwenye Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), au kwenye nyaya za kampuni binafsi. Yanayokwenda nje ya nchi hufika pwani na kushuka baharini kwenye nyaya kama Seacom, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyofuata mwaka 2010. Mwisho wa safari ipo seva ya huduma inayotafutwa. Katika mnyororo wote huo, mkono wa mwenye steshenari unafika kwenye viungo viwili vya mwanzo tu. Kudhani kwamba hitilafu lazima iwe kwenye hivyo viwili ni sawa na mkulima wa pamba kulaumu jembe kwa sababu bei imeshuka sokoni.

Matukio ya miaka ya karibuni yanaikana imani hii waziwazi. Jioni ya Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita. Chanzo kilikuwa kosa la mipangilio ndani ya mitambo ya kampuni inayozimiliki. Intaneti yenyewe ilikuwa hai, na tovuti nyingine zilifunguka. Lakini kwa mtu ambaye WhatsApp ndiyo intaneti yake, mtandao wote ulikuwa umekata. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za Seacom na EASSy zilipata hitilafu chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na huduma ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi na Msumbiji kwa pamoja. Ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulitangaza kufunga milango kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Kutoka Mwamanyili hadi palipoharibika ni zaidi ya kilomita 2,500. Ruta ya Busega haikuwa na kosa wala dawa. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchini kote, ikaanza kurejea Novemba 3. Hapo haikukatika waya wala haikuharibika mashine. Mara ya kwanza tatizo lilikuwa kwa mwenye huduma, mara ya pili baharini, mara ya tatu lilitokana na uamuzi wa binadamu. Mara zote tatu, aliyezima na kuwasha ruta hakufanya kitu.

Imani hii haingedumu kama isingekuwa na chembe ya ukweli. Ruta ni kompyuta ndogo. Ikikaa wiki nyingi bila kuzimwa, kumbukumbu yake huweza kujaa, programu yake ikakwama, au joto la chumba chenye bati lisilo na dari likaizidi. Ruta ya laini inaweza pia kubaki imeshikilia muunganisho uliokufa baada ya mnara kuzimika na kurudi. Katika hali hizo, kuiwasha upya huitibu kweli. Ila kuna sababu ya pili, isiyosemwa: bahati. Ruta nyingi huchukua dakika mbili hadi tatu kuwaka na kujiunga na mtandao. Kukatika kwingi nako ni kwa dakika chache. Huduma ikirudi yenyewe wakati ruta inawaka, sifa huenda kwenye kitufe. Siku kitufe kinaposhindwa, hakuna anayehesabu.

Madhara ya mazoea haya huanza pale ushahidi unapofutwa. Taa za ruta ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe: ipi imewaka, ipi imezimika, ipi inapepesa. Ruta nyingi pia huweka rekodi ya matukio kwenye kumbukumbu isiyodumu, ambayo hufutika umeme unapokatwa. Anayezima kwanza na kuuliza baadaye amekwisha kumziba mgonjwa mdomo. Hatari nyingine ni kwamba ruta huweza kuwa katikati ya kusasisha programu yake. Kuinyima umeme dakika hiyo kunaweza kuiua moja kwa moja, na hapo tatizo la nusu saa hugeuka kuwa gharama ya kununua ruta mpya.

Kitundu cha riseti ni balaa zaidi, kwa sababu wengi hudhani ni kuwasha upya kwa nguvu kidogo. Sivyo. Riseti huirudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Jina la waifai na nywila iliyozoeleka huondoka; simu, kompyuta na printa zote hutupwa nje. Mipangilio ya kuunganisha na mtoa huduma, ambayo fundi aliijaza siku ya kufunga, hupotea nayo. Nywila ya awali huwa imechapwa kwenye kibandiko chini ya ruta, ambacho mara nyingi kimeshachubuka. Nyumba iliyokuwa na tatizo moja sasa ina mawili, na la pili limetengenezwa ndani ya nyumba.

Sekta ya afya ilikwisha kuipita njia hii. Kwa miaka mingi homa yoyote Kanda ya Ziwa ilitibiwa kama malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na ujumbe ukaenea hadi zahanati za vijijini: si kila homa ni malaria. Hakuna aliyesema dawa ya malaria haifai. Kilichokataliwa ni dawa kutangulia kipimo. Kwa ruta hoja ni hiyohiyo, na vipimo vyake havihitaji maabara.

Kipimo cha kwanza ni macho. Taa zote zikiwa zimezimika, suala ni umeme: soketi, swichi au adapta. Adapta hudanganya wengi. Ya king'amuzi inaweza kuingia vizuri kwenye tundu la ruta na kuwasha taa, kumbe ampea zake ni ndogo. Ruta ikianza kufanya kazi nzito inajizima na kujiwasha yenyewe, na lawama zinakwenda kwa mtoa huduma. Volti na ampea zimeandikwa kwenye adapta na kwenye kibandiko cha ruta, na kuzilinganisha ni kazi ya dakika moja. Kwa waliofungiwa faiba, taa ya kutazama ni ile iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa: waya umekatika, umekunjwa au umechomoka. Hakuna kuzima na kuwasha kunakounganisha waya uliokatika, na ncha ya waya huo haichunguliwi kwa jicho.

Kipimo cha pili ni kutenganisha waifai na intaneti, vitu viwili ambavyo mazungumzo ya kila siku yamevifanya kimoja. Waifai ni njia kati ya kifaa na ruta. Inaweza kujaa alama zote huku intaneti haipo kabisa. Kwenye kompyuta, amri ya ping inamaliza ubishi kwa hatua tatu. Anwani ya ruta yenyewe, kama 192.168.8.1 au 192.168.1.1 kulingana na kibandiko, ikijibu, njia ya ndani ni nzima. Anwani 8.8.8.8, ambayo ni ya Google, ikijibu pia, intaneti ipo. Jina la tovuti likigoma ilhali 8.8.8.8 inajibu, shida iko kwenye huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, nayo hurekebishwa kwenye mipangilio bila kugusa umeme. Asiye na kompyuta ana kipimo chepesi zaidi: kufungua huduma mbili au tatu zisizo na uhusiano. Moja ikigoma na nyingine zikifunguka, ruta haihusiki.

Kipimo cha tatu ni bando, na hapa ruta za laini zina mtego wake. Mtoa huduma anapoonya kwamba bando linakaribia kwisha, ujumbe huenda kwenye namba ya laini. Laini imo ndani ya ruta, na ruta haina mlio wala skrini. Ujumbe hubaki humo bila kusomwa na yeyote, mpaka bando linakata na ruta inatuhumiwa. Karibu kila ruta ya laini ina ukurasa wake unaofunguliwa kwa kivinjari kupitia anwani ileile ya ruta, na ndani yake kuna sehemu ya ujumbe mfupi. Anayeufungua hukuta onyo la jana, na mara nyingine la juzi, likiwa limetulia hapo. Ukurasa huohuo huonyesha pia nguvu ya mawimbi kwa dBm: kwenye 4G, karibu na -80 ni nzuri, na kushuka hadi -110 na zaidi ni dhaifu. Ruta iliyowekwa nyuma ya kabati la bati haihitaji kuzimwa, inahitaji dirisha.

Kipimo cha nne ni jirani. Simu mbili za mitandao tofauti zinatosha. Data ikikosekana kwa wenye mtandao uleule tu, mnara au mtoa huduma ndiye wa kuulizwa. Ikikosekana kwa mitandao yote, tatizo liko mbali zaidi, na kuhangaika na ruta ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hapo ndipo kuwasha upya kunapopata nafasi yake halali, baada ya vipimo vyote kuonyesha kwamba umeme upo, bando lipo, mnara uko sawa, na bado ruta haipitishi kitu. Huzimwa nusu dakika ili mabaki ya umeme yaishe ndani, huwashwa, na huachwa dakika tatu kabla ya kuhukumiwa. Mara moja inatosha. Mara ya pili ni ushirikina.

Vituo vya huduma kwa wateja navyo vimeilea imani hii, kwa sababu inavipunguzia kazi. Mteja anayesema tu kwamba intaneti haipo huambiwa azime awashe, na simu ikishakatwa, lawama imerudi nyumbani kwake. Mteja anayesema kwamba ruta ina umeme, bando halijaisha, mawimbi yana nguvu, na jirani wa mtandao huohuo naye hana data tangu saa tatu asubuhi, hawezi kurudishwa kwa jibu hilo. Taarifa yake inakwenda kwa mhandisi, na asiposikilizwa, ana maelezo kamili ya kupeleka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo hupokea malalamiko ambayo mtoa huduma ameshindwa kuyatatua. Mtu aliyezima na kuwasha mara kumi ana kitu kimoja tu cha kueleza: kwamba amezima na kuwasha mara kumi.

Kuzima na kuwasha ruta ni hatua ya tano. Anayeifanya ya kwanza hatengenezi mtandao. Anasubiri urudi wenyewe huku mkono wake ukiwa kwenye swichi.