Refa wa Nje Si Malaika

Kuna kauli inayotamkwa kwa uhakika kwenye vibanda umiza vya Liuli, kama inavyotamkwa Kariakoo: mechi ikiwa kubwa aletwe refa kutoka nje, maana wa kwetu keshanunuliwa. Kauli hiyo si kweli, na wanaoumia kwayo kuliko wote ni vijana wa huku kwetu, mwambao wa Ziwa Nyasa.

Juni 25, 2025 wenye kauli hiyo walipata walichokuwa wakikililia. Dabi ya Yanga na Simba, iliyokwama tangu Machi 8, ilichezeshwa na Amin Omar wa Misri. Yanga ikashinda 2-0, bao moja likiwa la penati, na ubishi juu ya penati hiyo ukaendelea kama kawaida. Sasa rudi nyuma hadi Februari 20, 2016. Watani hao hao walichezeshwa na Jonesia Rukyaa, mwanamama wa Kagera. Alitoa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, mechi ikaisha salama, na Yanga ikashinda 2-0. Kilichobadilika katika miaka tisa ni imani yetu kwa watu wetu, basi.

Tena huo ugeni wenyewe haumkingi mtu na kosa wala tamaa. Januari 12, 2022, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika huko Limbe, Kamerun, Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85 Tunisia ikicheza na Mali, akarudishwa, akamaliza tena kabla ya dakika 90 kutimia. Baadaye ikaelezwa kwamba jua lilimzidi. Alikuwa mgeni kwa timu zote mbili, mwenye uzoefu mkubwa. Na Aden Marwa wa Kenya, mshika kibendera aliyekwisha kuteuliwa kwa Kombe la Dunia la 2018, alinaswa na kamera ya siri akipokea dola 600, hakwenda Urusi. Naye kila alikovuka mpaka kuchezesha alipokewa kama refa wa nje, yule yule tunayeambiwa hanunuliki.

Kila refa wa nje ana kwao, na kwao huko anatukanwa. Mchukue refa Salima Mukansanga: alizaliwa Rusizi, pembezoni mwa Rwanda, kwenye Ziwa Kivu. Alisomea uuguzi. Akapanda taratibu mpaka Kombe la Dunia la wanawake Ufaransa 2019, na Januari 18, 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, Zimbabwe na Guinea. Mwaka huo huo akawa Qatar, kwenye Kombe la Dunia la wanaume. Rusizi haiko karibu na dunia kuliko Liuli. Tofauti ni kwamba kuna watu waliomkabidhi filimbi wakamwacha aendelee.

Hapa kwetu njia hiyo ikoje? Nenda uwanjani jioni. Mistari imechorwa kwa majivu, na upande mmoja mpira ukitoka unaangukia kwenye vichanja vya usipa. Refa ni kijana aliyevaa jezi ya kuazima, hana saa ya pili, na mshika kibendera wake anapeperusha kipande cha kanga. Akitoa penati anazingirwa. Fainali ikifika, hata hiyo ya kugombea mbuzi, timu zinadai refa atoke Mbamba Bay au Mbinga, na kijana huyo anakaa pembeni kutazama mechi aliyoistahili. Nimeona vijana wakiacha urefa hivyo, mmoja baada ya mwingine, na inaniuma. Refa asiyepewa fainali ya kijiji hapandi daraja, na asiyepanda madaraja hafiki kwenye beji ya FIFA, ambayo ndiyo hati ya kwenda kuchezesha nchi za watu.

Na beji hiyo haitolewi kwa uraia. Jaribio la mbio la waamuzi wa kimataifa wa kiume lina mikimbio sita ya mita 40, kila mmoja usizidi sekunde 6. Halafu mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, mara 40. Hayo hufundishika Songea kama yanavyofundishika Cairo. Ahmed Arajiga wa Manyara ameyafaulu, na akivuka mpaka kuchezesha klabu za watu, kule yeye ndiye refa wa nje.

Najua hoja wanayoishikilia: refa wa Kitanzania anaishi mtaa mmoja na mashabiki, atatishwa, atashawishiwa. Ni kweli anaishi nao. Kwa hiyo alindwe, na alipwe kwa wakati, ili bahasha ya mtu isimkute ana njaa. Isitoshe, huyu wa mtaani tunaweza kumwajibisha; akivurunda, kamati ya ligi humfungia. Mgeni akivurunda anapanda ndege, na kumbukumbu zake za kazi haziko mikononi mwetu.

Fedha za tiketi na hoteli za waamuzi wanne wa kigeni zielekezwe kwenye kozi. Wakufunzi wakae Mbamba Bay wiki mbili, wafundishe sheria, wapime mbio, watoe vyeti vya daraja la awali. Na fainali ijayo ya Liuli ichezeshwe na kijana wa Liuli.