Sungura wa Kibandani Hana Kesi na Kunde Zako

Mitaani Kisumu, Nyalenda hadi Mamboleo, wengi wanaamini kwamba anayefuga sungura anafuga mharibifu. Jirani mwenye kunde uani analalamika, mwenye ploti anapiga marufuku, na mtoto anaamriwa amwondoe mnyama wake kabla hajajaza mtaa. Imani hiyo ni potofu, tena inaumiza.

Anayetafuna kunde usiku kule Seme na Nyakach ni sungura pori, Apuoyo wa hadithi za Waluo. Huyo hachimbi shimo. Hujilaza nyasini, na wanawe huzaliwa na manyoya, macho wazi. Wa kibandani asili yake ni Uhispania na Ureno. Wanawe huzaliwa uchi, hawaoni, na porini hawaishi bila shimo la kuwaficha. Wawili hao hawazaliani kabisa. Kumhukumu mmoja kwa kosa la mwenzake ni dhuluma.

Hofu yenyewe naielewa. Sisi watu wa ziwa tumeona samaki mbuta, aliyeletwa miaka ya 1950, akiangamiza aina nyingi za samaki wadogo fulu, na gugu maji likifunga ghuba yetu miaka ya 1990. Tena iko Australia: sungura 24 waliomfikia Thomas Austin mwaka 1859 walizaana wakaenea sehemu kubwa ya bara, na jimbo la Queensland hadi leo linakataza kuwafuga nyumbani. Hayo ni kweli. Lakini Austin aliwaachilia makusudi apate wa kuwinda. Huku kwetu wamefugwa tangu enzi za ukoloni na hawajashika pori. Watashikaje? Udongo mweusi wa uwanda wa Kano huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, hauhifadhi shimo. Anayetoroka kibandani anakutana na mbwa, paka, mwewe na nyoka. Na siafu wakivamia kiota hawabakizi mtoto.

Ama kujaza mtaa, hilo liko mikononi mwa mfugaji. Jike hubeba mimba siku 31 hivi na aweza kupandwa tena punde baada ya kuzaa. Mtenge na dume, basi.

Kama unataka kugombana na mfugaji, gombana naye juu ya joto. Likizidi nyuzi 30 sungura huhema kwa taabu, na dume huweza kukosa uzazi kwa muda. Kibanda cha mabati kilichowekwa juani saa nane mchana ni tanuri, na nimeona vingi mno vya namna hiyo. Huo ndio ukatili unaostahili kelele za majirani.

Wenye ploti, ondoeni marufuku hizo. Mdaini mpangaji kivuli, maji safi, usafi, na vibanda viwili tofauti, cha dume na cha jike. Akivitimiza, mwacheni mtoto wake na sungura wake.